Mapendeleo ya Tabianchi na Swali la Thamani

Mtu anaposema kwamba anapenda nchi yenye majira makavu ya baridi na majira ya joto yaliyojaa unyevu, wasikilizaji wengi huichukua kauli hiyo kuwa ni habari ya mwili wake tu, kwa hiyo hawaoni sababu ya kumwuliza zaidi. Mtazamo huo una ukweli ndani yake, lakini unaacha sehemu kubwa ya jambo, kwa sababu tabianchi, yaani mwenendo wa kawaida wa hali ya hewa ya mahali kwa miaka mingi, haimfikii binadamu kwa njia ya ngozi peke yake. Humfikia pia kupitia nyumba, chakula, kazi, ibada na watu anaoishi nao. Hoja ya insha hii ni kwamba kupendelea tabianchi ni namna ya upendo, na kwamba upendo huo unastahili heshima madamu haujageuzwa kuwa mizani ya kupimia ubora wa watu.

Tabianchi inayozungumziwa hapa hupatikana hasa kaskazini mwa China na katika Rasi ya Korea. Wladimir Köppen (1846–1940), mtaalamu aliyebuni mfumo wa kuainisha tabianchi za dunia kwa herufi, aliitambulisha kwa herufi w, inayoashiria kwamba ukame huangukia wakati wa baridi. Chanzo chake ni tofauti kati ya bara na bahari: nchi kavu ya Asia hupoa upesi, hewa nzito hujilimbikiza juu ya Siberia na kutiririka kuelekea baharini ikiwa baridi na kavu, kisha miezi ya joto inapofika mwelekeo hugeuka, na pepo huleta mvuke kutoka Bahari ya Pasifiki. Msomaji wa pwani ya Afrika Mashariki, anayeijua kaskazi na kusi, atautambua mpango huo wa pepo zinazobadilishana zamu. Mjini Seoul wastani wa joto la Januari ni takriban nyuzi 2 za Selsiasi chini ya sifuri, ilhali ule wa Agosti ni takriban 26, na zaidi ya nusu ya mvua ya mwaka hunyesha kati ya Juni na Agosti.

Je, kuipenda hali kama hiyo ni jambo la namna gani? Mwanafalsafa Immanuel Kant, katika kitabu chake cha mwaka 1790 kuhusu uwezo wa kutoa hukumu, alitenganisha kile kinachofurahisha hisi na kile kilicho kizuri. Anayefurahia mvinyo fulani husema habari zake mwenyewe, wala hana haki ya kumlaumu asiyeufurahia. Lakini anayesema kwamba kitu ni kizuri huwataka watu wote wakubaliane naye. Kwa mgawanyo huu, ubaridi wa asubuhi ungewekwa upande wa hisi. Hata hivyo, wanaoipenda tabianchi hii husifu pia anga safi la Januari linaloruhusu milima ya mbali kuonekana, na mvua ya Julai inayoijaza mipunga nguvu, na kwa sifa hizo humwalika mwenzao atazame kile wanachokitazama. Mwaliko huo haumlazimishi mtu, lakini unavuka mpaka wa taarifa ya mwili.

Aliyesaidia kuueleza mwaliko huo ni Watsuji Tetsurō (1889–1960), mwanafalsafa wa Japani aliyekwenda Ujerumani mwaka 1927 na kukisoma huko kitabu cha Martin Heidegger kuhusu kuwako na wakati, akaona kwamba kinamweleza binadamu kwa wakati bila kuipa nafasi ya kutosha habari ya mahali. Katika kitabu chake Fūdo, cha mwaka 1935, alidai kwamba mtu hayupo kwanza upande mmoja na baridi upande wa pili, kisha wakakutana; mtu hujigundua akiwa tayari ndani ya baridi, pamoja na wengine wanaoihisi, na kujielewa kwake huonekana katika nguo anazovaa, moto anaouwasha na maamkizi anayotoa.

Nyumba ya jadi ya Korea inathibitisha dai hilo. Chini ya vyumba vyake hupita moshi moto wa jikoni unaopasha sakafu, mfumo uitwao ondol, na katikati huwa na ukumbi wa mbao ulio wazi, uitwao maru, unaopitisha upepo wakati wa joto. Kabla ya baridi kuu kuingia, familia na majirani hukusanyika kutengeneza kimchi, yaani mboga zilizotiwa chumvi na viungo zikachachushwa, ili ziwatoshe hadi majira ya kuchipua. Kwa aliyelelewa hivyo, baridi ni sakafu yenye joto na mikono mingi inayofanya kazi pamoja, na anaposema kwamba anaipenda hawezi kuitenga na hao aliokuwa nao.

Hatari huanza pale upendo huo unapodai cheo cha elimu. Mwanahistoria Ibn Khaldun, katika kitabu chake Muqaddima cha mwaka 1377, aliigawa dunia inayokaliwa katika kanda saba na kuwaona watu wa kanda za kati kuwa ndio wenye tabia zilizosawazika, akiwadunisha watu weusi wa kusini pamoja na wale wa kaskazini ya mbali. Mwanafalsafa Montesquieu naye, mwaka 1748, alihusisha joto na unyonge unaowafanya watu wakubali utumwa. Watsuji mwenyewe hakuiepuka njia hiyo alipozipa jamii za pepo za msimu tabia ya kupokea na kustahimili. Pyongyang na Seoul, chini ya mfumo uleule wa pepo, zimejenga katika miongo michache taratibu za maisha zinazotofautiana mno, na mfano huo unatosha kuonyesha kwamba tabianchi huuliza swali, bali jibu hutolewa na watu.

Mapokeo ya Ubuddha yana onyo lingine. Inasimuliwa kwamba mtawa alimwuliza mwalimu wa China Dongshan Liangjie (807–869) jinsi ya kuepuka baridi na joto, akaelekezwa aende pasipo na baridi wala joto, na alipouliza mahali hapo ni wapi, alijibiwa kwamba wakati wa baridi aiache baridi immalize, na wakati wa joto vivyo hivyo. Watawa wa Korea wanaofuata mapokeo hayo kwa kutafakari hujifungia katika nyumba zao za ibada kwa vipindi viwili vya miezi mitatu, kimoja wakati wa joto na kingine wakati wa baridi. Funzo lao ni kwamba mapendeleo hayapaswi kuwa sharti la amani ya moyo, kwa maana anayengoja majira ayapendayo ndipo aishi hupoteza sehemu kubwa ya umri wake.

Mafundisho haya yanakamilishana. Mtu ana haki ya kuipenda baridi kavu na mvua nzito za Korea, kama mwingine alivyo na haki ya kupenda mahali ambapo maji hayagandi kamwe, kwa kuwa kila mmoja hushuhudia maisha yaliyomlea. Anachodaiwa ni kuukubali pia ushahidi wa mwenzake, kwa sababu anayejua jinsi majira yalivyomjenga yeye ndiye mwenye sababu nzuri zaidi ya kuamini kwamba majira mengine yamewajenga wengine kwa heshima ileile.