Ushupavu si Ukaidi

Ndugu Waislamu,

Yako maneno mawili yasiyofaa kuchanganywa: ushupavu na ukaidi. Mshupavu hushikamana na haki. Mkaidi hushikamana na nafsi yake. Mwaka wa 11 Hijria (632), makabila yalipokataa kutoa Zaka, Sayyidna Abubakar, aliyekuwa mpole wa tabia, aliazimia kupigana nayo. Sayyidna Umar, mashuhuri kwa ukali, alimpinga. Lakini haki ilipombainikia, aliikubali. Wote wawili walikuwa washupavu, wala hapana mkaidi kati yao.

Basi ewe uliyemkata nduguyo kwa ajili ya urithi, na Kadhi amekwisha kukubainishia mafungu, jiulize: umeshika haki, au umeshika nafsi? Mwenyezi Mungu azilainishe nyoyo zetu kwa haki. Amin.