Kujipa Moyo: Ni Kweli au ni Kujidanganya?

Kuna maradhi ya khofu yamjiayo mtu ghafula pasipo adui wala mnyama mbele yake. Yumo dukani mwake, au katika safu msikitini, au kitandani usiku; mara moyo humwenda mbio, kifua humbana, mikono humfa ganzi, pumzi hazimtoshi, na humwingia yakini kwamba saa yake imefika. Baada ya kitambo mambo hutulia, naye hubaki amechoka na kuona haya. Lakini lililo zito kuliko tukio lenyewe ni lile lifuatalo, kwani huanza kuiogopa khofu. Hupahama mahali ilipomshika, huacha arusi na mazishi, huacha safari, mpaka dunia yake ikawa chumba kimoja.

Mtu kama huyu akienda kwa tabibu ajuaye kazi yake, miongoni mwa atakayofundishwa ni kusema na nafsi yake kwa maneno mema wakati khofu imjiapo. Baadhi ya ndugu zetu wametuuliza: Je, huku si kujidanganya? Na Muislamu amekatazwa uwongo, hata kama anayedanganywa ni yeye mwenyewe? Swali hili ni zuri, nalo lastahili jibu.

Kabla ya kulijibu, twataka kuziondoa njiani dhana mbili. Wako wanaomchukua mgonjwa kwa mganga, akaambiwa ana pepo, akatozwa mbuzi na ubani na gharama ya ngoma. Sisi hatukanushi kuwapo kwa majini. Tunachokanusha ni kumwona jini katika kila moyo wendao mbio, khasa akiwa jini huyo hatoki ila kwa fedha. Na wako wengine, nao twawaona ni wabaya zaidi kwa kuwa wamejivika joho la dini, wamwambiao mgonjwa kwamba imani yake ni haba. Hao hawakukizingatia kisa cha Nabii Musa. Qur'ani imetueleza kwamba zilipotupwa kamba na fimbo za wachawi zikaonekana kama zinakwenda, Musa aliingiwa na khofu nafsini mwake. Nani atathubutu kusema imani ya Musa ilikuwa haba? Na Imam Al-Ghazali, mwaka 1095 (488 Hijria), akisomesha Nidhamiya ya Baghdad, ulimi wake ulifungika asiweze kutoa darsa, na chakula hakikumpita. Matabibu wakasema maradhi yameanza moyoni yakashukia mwilini.

Sasa turudi katika swali. Wenye kudhani kwamba kujisemesha ni jambo geni hawakutazama vyema. Neno letu wasiwasi asili yake katika Kiarabu ni kunong'ona. Mwenye khofu basi hakuanza yeye kusema, amekwisha kusemeshwa: "Moyo huu utapasuka. Unakufa. Watu watakuona umeanguka." Na maneno hayo ni ya uwongo. Je, yawaje sisi tuwe wakali juu ya anayejibu, tukamwachia anayenong'ona? Wazee wetu walikuwa na maneno kwa jambo hili zamani sana. Walisema kujipa moyo, na kupiga moyo konde.

Mwaka 1986, David Clark wa Oxford aliyaeleza maradhi haya hivi: mwili hutoa dalili ndogo, kama moyo kupiga kwa nguvu, mtu huifasiri dalili hiyo kuwa ni msiba, fasiri hiyo huzidisha khofu, na khofu huzidisha dalili, duara likazunguka. Basi kosa limo katika tafsiri, na tafsiri mbovu husahihishwa kwa tafsiri iliyo sahihi.

Hapa ndipo palipo na jibu letu. Si kila neno tamu ni dawa. Emile Coué, mfamasia wa Kifaransa aliyefariki mwaka 1926, aliwafundisha watu kukariri kila siku kwamba hali zao zazidi kuwa njema, na maelfu walimfuata. Lakini mwaka 2009 Joanne Wood na wenziwe huko Kanada walichapisha utafiti ulioonyesha kwamba watu wenye kujidharau, walipokariri kwamba wao ni watu wa kupendeka, walijiona vibaya kuliko wale wasiokariri. Nafsi yamjua mwenyewe. Ikiambiwa isiloliamini huleta ushahidi wa kulipinga.

Kwa hiyo asemaye "Siogopi" ilhali meno yanagongana, huyo amejidanganya, tena bila faida. Wala asiseme "Sitakufa leo," maana ajali haijui ila Mwenyezi Mungu. Lakini aweza kusema: "Hii ni khofu, naijua. Imenijia mara nyingi na kila mara imepita. Moyo kwenda mbio si mauti. Hata mwenye kupanda ngazi moyo wake hwenda mbio." Katika maneno haya hamna hata moja la uwongo. Mtume wetu, rehema na amani zimshukie, alipokuwa pangoni na sahibu yake, hakumwambia kwamba maadui hawako. Walikuwako, na nyayo zao juu ya pango. Alimkumbusha lililo kweli kuliko maadui, kwamba Mwenyezi Mungu yu pamoja nao.

Na kwa kuwa sharti letu ni ukweli, lazima mtu apimwe kwanza. Maumivu ya kifua yaweza kuwa ya moyo hasa, na asiyepimwa hana haki ya kujiambia kwamba ni khofu tu.

Watasema wengine: dhikri yatosha. Twakubali kwamba dhikri ndiyo kichwa cha maneno ya kweli. Lakini tumewaona watu waitumiao kama hirizi: hutaja mara tatu, kisha hushika kifua kutazama kama mapigo yamepungua, yasipopungua hutaja tena kwa haraka, na khofu yao huzidi. Huyo bado anaulinda moyo wake mapigo kwa mapigo. Na ataje kwa utulivu, avute pumzi polepole, auache moyo upige upendavyo.

Abu Zayd al-Balkhi, aliyefariki mwaka 934 (322 Hijria), aliandika kitabu juu ya siha ya miili na nafsi, na ndani yake amenasihi kwamba kama vile mwenye afya awekavyo dawa nyumbani kwa maradhi ya ghafula, ndivyo impasavyo kuweka fikra njema wakati wa raha, azikute tayari wakati wa dhiki. Watu hulisahau hili. Huyatafuta maneno wakati fazaa imekwisha kuwashika, na akili ya mwenye fazaa haitungi neno.

Twamjua fundi seremala mmoja wa Likoni aliyeshikwa na maradhi haya ndani ya feri, watu wamebanana, pwani zote mbili ziko mbali. Akaacha kuvuka, na kazi yake iko kisiwani. Tabibu alimpima akamkuta moyo wake mzima, kisha akamfundisha maneno machache, akamtaka avuke kwanza saa ambazo abiria ni wachache. Yeye hujiita kwa jina lake, kama amsemeshaye mwenziwe: "Fulani, moyo waenda mbio, simama hapa hapa, utatulia." Al-Ghazali naye katika Ihya ameisemesha nafsi vivyo hivyo, kama mtu mwingine aliyekaa mbele yake. Mara za mwanzo fundi huyu alifika ng'ambo shati limelowa. Hata leo jasho humtoka katikati ya maji, lakini huvuka kila asubuhi. Na alitwambia kwamba huyaanza maneno yake akingali ufukweni, feri haijafunga, kwani akiyangoja mpaka imeng'oka huwa amechelewa.