Mtu Asiyeuguliwa

Wazee wetu wa lugha walituachia katika kitenzi silabi mbili, -ngali-, zenye uwezo wa ajabu: hulifunga pamoja jambo lisilotendwa na tokeo lisilotokea, yote mawili yakasimama mbele yetu kana kwamba yana mwili. Ningalinunua, ningalitajirika. Hapana hata moja katika hayo lililopata kuwako duniani, ilhali majuto yatokayo humo ni majuto hasa, nayo humkosesha mtu usingizi. Na mimi, ambaye vijana wa Morogoro huniuliza mara kwa mara juu ya hisa za kampuni za simu, na faida ambayo angaliipata mtu aliyezinunua zamani akazishika asiziachie, nimeona ya kuwa suala lao si la fedha kwanza, bali ni la kumjua huyo mtu.

Hesabu yenyewe ni nyepesi. Mwaka 2008 Serikali ya Kenya iliuza hisa bilioni 10 za Safaricom kwa shilingi 5 za Kenya kila moja, na tarehe 9 Juni zikaanza kuuzwa na kununuliwa katika soko la Nairobi. Tuseme mtu alipata hisa 1,000 kwa shilingi 5,000. Aliziona zikipanda siku chache, kisha zikaporomoka, hata mwaka 2009 hisa moja ikawa haifiki shilingi 3. Baadaye M-Pesa, iliyoanza mwaka 2007, ikaingia katika kila duka na kila mfuko, nazo hisa zikapanda pole pole hadi mwaka 2021 moja ikapita shilingi 40. Shilingi 5,000 zimekuwa zaidi ya 40,000, mbali na gawio. Walakini aliyekuja kuuza mwishoni mwa mwaka 2023 aliikuta bei chini ya shilingi 15, na hapo ndipo pa kutazama kwa makini, kwa maana faida ya miaka mingi tuliyosimuliwa ilikuwa ni faida ya siku moja, nayo ni siku aliyoichagua msimulizi akiwa amekwisha kuujua mwisho.

Hesabu hii niliifanya Kinole, juu ya milima ya Uluguru, barazani kwa mjomba wangu, nyuma ya risiti ya dukani. Mjomba alikuwa akichambua karafuu: alikishika kichala kwa kiganja cha kushoto, akakisokota kwa vidole vya kulia, punje zikaanguka upande wa jamvi na vikonyo upande wa pili, bila yeye kutazama. Akanisikiliza mpaka nikamaliza, ndipo akauliza, "Huyo mtu wako, mpwa wangu, miaka yote hiyo kumi na mitatu hakuuguliwa?"

Sikuwa na jibu, nami nasema kwa yakini kwamba sijasikia suala la kifalsafa lililo kali kuliko hilo. Mtu wa hesabu hana mama wa kulazwa hospitali wala mtoto wa kulipiwa ada. Msiba haumfikii, paa lake halivuji, na hakuna shemeji anayebisha hodi alfajiri. Zaidi ya hayo, haogopi. Bei iliposhuka hata akawa amepoteza karibu nusu ya mali yake, yeye alitulia, si kwa ushujaa, bali kwa sababu sisi tuliomuumba tulikuwa tumekwisha kuuona mwaka 2021 kwa niaba yake. Kutulia huko tumekuita subira, na kwa kufanya hivyo tumelidhulumu neno tukufu. Subira ni ya asiyejua. Aondolewaye shaka hana tena la kusubiria.

Tazama jambo jingine. Mtu wa Morogoro ambaye miaka ishirini iliyopita angalichagua kampuni kwa ushahidi wa macho yake, kwa kutazama tu simu zilizokuwa mikononi mwa watu pale sokoni na stendi, asingalikosa kuichagua Nokia, maana kitochi chake kilikuwa kila mahali. Hisa ya kampuni hiyo iliyopita yuro 60 mwaka 2000 ilikuwa chini ya yuro 2 mwaka 2012. Aliyeishika hiyo na aliyeishika Safaricom walikesha kwa moyo ule ule, wakajikaza kwa nia ile ile. Kwa nini basi mmoja tumwite mwenye hekima na mwingine mjinga? Sioni haki katika hilo. Nasibu iliyowatenga haikuwa tabia yao.

Watu wa Uluguru walikwisha kuonja hesabu za namna hii kabla ya kuwapo soko lolote la hisa nchini. Katika miaka ya 1950 serikali ya kikoloni iliwalazimisha kuchimba matuta ya ngazi ili udongo wa milima usichukuliwe na maji, upate kuwafaa wajukuu. Shabaha ilikuwa na maana, lakini jembe lilikuwa mikononi mwa mama mwenye njaa ya mwaka ule ule, na kuchimba kukauleta juu udongo usio na rutuba. Julai 1955 ghasia zikazuka Matombo, mtu akauawa, na mpango ukaachwa.

Sisemi kwamba hisa zisinunuliwe. Vodacom Tanzania ilipouza hisa zake kwa shilingi 850, zikaorodheshwa Dar es Salaam tarehe 15 Agosti 2017, maelfu ya raia wa kawaida walinunua, na baadaye kwa miaka kadhaa bei ikakaa chini ya ile waliyotoa. Nao nawaheshimu, kwa kuwa walingoja kweli, gizani, wakiwa na wagonjwa wao. Mjomba naye hungoja: mkarafuu humtaka miaka sita au saba kabla ya kumpa kitu. Lakini ameupanda katika ardhi ya ukoo, ambayo kwa Waluguru hufuata upande wa mama, na akishindwa yeye kungoja, tupo sisi wapwa wa kungoja mahali pake. Mwenye hisa moja tu hungoja peke yake.

Jua lilipokaribia kuzama mjomba aliiomba ile risiti, akaisogeza mbali na macho yake asome, kidole kikipita juu ya miaka niliyoiandika.

"Mama tulimzika mwaka gani?" akauliza.

"2009, mjomba."

Kidole kikasimama pale nilipoandika kwamba bei haikufika shilingi 3.