Mwanafunzi Mwenye Mvi

*Soma kwa ajili ya somo hili: Kumbukumbu la Torati 31:12, 13, Zaburi 92:12–15, Mhubiri 4:13, Isaya 46:4, Matendo 18:24–26, 2 Timotheo 4:6–13, Tito 2:3–5.*

Wahenga walisema, samaki mkunje angali mbichi. Mithali hiyo ni ya kweli inapohusu malezi ya watoto. Lakini wengi wetu tumeigeuza kuwa hukumu juu ya wazee: aliyekwisha kukauka hakunjiki tena, na kumfundisha ni kupoteza muda. Je, Neno la Mungu linakubaliana na hukumu hiyo?

Mwaka 2004, mjini Eldoret nchini Kenya, Kimani Maruge aliandikishwa darasa la kwanza katika Shule ya Msingi Kapkenduiywo akiwa na umri wa miaka 84. Mwaka uliotangulia serikali ilikuwa imefuta karo ya shule za msingi. Mzee huyo alivaa sare, akaketi dawatini pamoja na watoto walio rika la wajukuu wake. Sababu mojawapo aliyoitoa ni kwamba alitaka kujisomea Biblia mwenyewe. Alifariki mwaka 2009. Mtu wa hesabu atauliza: miaka mitano ya masomo, faida yake nini?

Swali hilo linafichua tunavyoifikiria elimu. Kama elimu ni njia ya kupata kazi tu, basi mzee hana haja nayo. Soma Kumbukumbu la Torati 31:12, 13. Ni nani walioitwa kusikia na kujifunza? Musa aliagiza wakusanywe wanaume, wanawake, watoto na hata wageni. Hakuweka umri wa kustaafu. Shabaha ya kujifunza huko haikuwa mshahara, bali kumcha Bwana.

Mtume Paulo alilielewa jambo hili. Katika 2 Timotheo 4 anasema wazi kwamba wakati wa kufariki kwake umefika. Hata hivyo, mistari michache baadaye anamwagiza Timotheo amletee vitabu. Mfungwa anayengoja kifo anataka vitabu! Anayeamini ufufuo hawezi kusema, “Muda umekwisha, nijifunze ili iweje?” Kumjua Mungu ndio uzima wa milele wenyewe (Yohana 17:3), na kaburi halilifuti tumaini hilo.

Lakini kuna upande wa pili. Mhubiri 4:13 inamweka kijana maskini mwenye hekima juu ya mfalme mzee mpumbavu. Angalia upumbavu wa mfalme huyo ni upi. Fungu halisemi kwamba hakusoma. Linasema hajui tena kupokea maonyo. Zamani alijua, sasa kiti cha enzi na miaka mingi vimemziba masikio. Hatari ya uzee, basi, si kusahau tu. Ni kudhani kwamba hakuna wa kutufundisha. Apolo alikuwa msemaji hodari aliyeyajua sana Maandiko, lakini alikubali kuelekezwa na Prisila na Akila, watu wa kazi ya kushona mahema. Katika lugha yetu, anayemfuata Kristo na anayekaa darasani huitwa kwa jina moja: mwanafunzi. Je, kuna siku tunayohitimu?

Swali hili linaligusa pia kanisa. Wazee wetu tunawatembelea, tunawapelekea sukari na blanketi, na hilo ni jema. Lakini zawadi humwambia mzee, “Tunakukumbuka.” Darasa humwambia, “Bado tunatarajia kitu kutoka kwako.” Mwaka 1973, huko Toulouse nchini Ufaransa, kilianzishwa chuo cha watu waliostaafu, na mfano huo ukaenea katika nchi nyingi. Nchini Uingereza, tangu 1982, vikundi vya namna hiyo huendeshwa na wanachama wenyewe: wanafundishana bila mitihani wala vyeti, na wanatoka pamoja kwenda kuona mahali mbalimbali.

Sisi tunalo darasa kama hilo kila juma. Masomo ya kwanza ya Shule ya Sabato, yaliyoandikwa na James White mwaka 1852, yalilengwa kwa vijana. Leo bibi na mwanawe hufungua somo moja. Hata Zaburi 92, ambayo kichwa chake kinaitaja kuwa wimbo wa siku ya Sabato, inafikia mwisho ikiwa na wenye haki wanaozaa matunda wakati wa uzee. Basi alasiri ya Sabato watoto na wazee waende pamoja mtoni au shambani. Mtoto asome fungu. Mzee ataje majina ya miti na kueleza jinsi Bwana alivyomwongoza. Tito 2:3–5 inawataka wanawake wazee wawe wafundishaji, na afundishaye hana budi kuendelea kujifunza.

Hata hivyo, tusiwatwike wazee mzigo mpya. Wako ambao macho yamefifia, magoti hayawabebi, au kumbukumbu imewatoka. Thamani yao haitokani na wanachoweza kujifunza. Mungu ameahidi kuwabeba hata wakiwa na mvi (Isaya 46:4). Kwao wajibu ni wetu: kupaza sauti, kusoma taratibu, kuwafuata nyumbani kwa gari au kwa miguu.

Maswali ya Kujadili

1. Ni jambo gani ulilojifunza mwaka huu kutoka kwa mtu mdogo kuliko wewe? Ulilipokeaje?

2. Katika darasa lenu, wazee huulizwa maswali, au huombwa tu kufunga kwa sala? Mnaweza kubadili nini Sabato ijayo?

3. Tunawezaje kuwaheshimu wazee wasioweza tena kujifunza, bila kuwakatia tamaa mapema wale ambao bado wanaweza?