Mtumishi na Amana

Zamani, mtu asiyejua kusoma alipotaka karani wa kumsomea na kumwandikia barua alimtafuta kijana mwenye elimu, na kabla ya kumkabidhi kazi alichunguza mambo mawili: mwandiko wake na kinywa chake. Mwandiko mbaya waweza kuvumiliwa. Kinywa kilicho wazi hakivumiliki. Kijana asiyeweza kuweka siri hakupewa barua, hata kama herufi zake zilipendeza kama shanga zilizotungwa. Siku hizi karani wa kazi hiyo yuko wa kukodiwa, naye si mtu. Nataka kuwaeleza, vijana, jinsi nilivyomweka karani huyo, na swali aliloniletea, ambalo hunirudia kila niketipo mezani.

Karani mwenyewe ni akili mnemba. Tangu mwezi wa Novemba mwaka 2022, ChatGPT ilipofunguliwa kwa watu wote, wengi wenu mmepata kuzungumza na mashine za jamaa hiyo. Huyu wangu ana tofauti moja kubwa. Yule mnayemjua hungoja kuulizwa. Huyu hupewa funguo. Hufungua sanduku la barua la bwana wake usiku, bwana akiwa amelala. Huzisoma barua, huzifupisha, hupanga shughuli za kesho, na akiruhusiwa huandika hata majibu. Ili asilale yeye, hana budi kuwekwa katika kompyuta isiyozimwa. Kompyuta yangu huzimika kila stima ipoteapo, kwa hiyo nilikodi seva, yaani sehemu ya kompyuta kubwa iliyo ng'ambo. Watu huiita wingu, nalo ni jina la kupoteza watu. Wingu halina mlango wala anwani. Seva yangu ina vyote viwili. Imo katika jengo moja huko Ujerumani, ndani ya safu za mashine zinazovuma mchana na usiku, na kodi yake ni dola 5 hivi kwa mwezi, ambazo kwetu ni karibu shilingi 650. Kwa bei ya kuku mmoja, mwalimu wa Kenya amekuwa bwana mwenye karani Ulaya! Nakiri kwamba jambo hilo lilinipa fahari isiyo na maana.

Kazi ya kumweka ilinichukua jioni mbili. Yataka kutengeneza funguo mbili zilizo pacha, mmoja wa siri unaobaki kwako na mmoja wa wazi unaopelekwa kwenye seva, kisha kuufunga kila mlango usiohitajiwa. Nilipolifungua daftari la mlangoni, ambamo kompyuta huandika kila abishaye, niliona kwamba hata saa moja haijapita wageni walikuwa wamekwisha kubisha mara nyingi, wakibahatisha majina na maneno ya siri. Hawakuwa watu wanaonitafuta mimi. Zilikuwa programu zizungukazo dunia nzima zikijaribu vitasa. Nikaufunga mlango wa maneno ya siri, nikauacha ule wa ufunguo peke yake, nikalala usingizi wa mtu ajionaye hodari.

Mlango niliulinda vema. Sikujiuliza kilichomo ndani ni mali ya nani.

Kila asubuhi karani aliniletea muhtasari. Ulikuwa mfupi, safi, wenye adabu. Asubuhi moja kulikuwa na mstari huu kati ya mingine: barua ya mwanafunzi wa zamani, aeleza matatizo ya kazi na ya nyumbani, haihitaji jibu la haraka. Nilisoma mstari huo nikinywa chai, nikaenda darasani. Siku ya tisa, nikitafuta barua nyingine, nikaikuta ile yenyewe, nikaisoma. Mwandishi ni mwalimu kijana niliyemfundisha chuoni, naye alikuwa katika mwaka wake wa kwanza wa kazi. Sitaeleza aliyoyaandika, kwa kuwa hayo ndiyo hasa ninayoyazungumzia. Nitasema tu kwamba ilikuwa barua ndefu, yenye mambo ambayo mtu huyaandika mara moja kwa mtu mmoja, na kwamba ilihitaji jibu la haraka.

Kosa la karani laweza kusamehewa. Hata katibu aliye mtu hukosea kupima uzito wa barua. Lakini nilipotulia niliona kosa jingine lililo langu mimi. Barua ile niliimiliki kwa jinsi gani? Karatasi, au tuseme maandishi, yalikuwa yangu. Siri iliyomo haikuwa yangu. Ilikuwa amana. Mtu akikuwekea sanduku lake nyumbani mwako, kuwa na nafasi ya kuliweka hakukupi haki ya kulifungua mbele ya wapita njia. Nami nilikuwa nimelifungua, tena katika njia ndefu kuliko nilivyodhani. Seva ya bei ndogo, yenye kumbukumbu ya gigabaiti 2, haiwezi kubeba akili kubwa kama hiyo. Kazi yake ni ya tarishi. Huichukua barua, huipeleka kwa kampuni nyingine yenye mashine za nguvu, ambayo hulipwa kwa hesabu ya maneno, kisha hurudi na jibu. Basi maneno ya msichana yule yalitoka mkononi mwake, yakaja kwangu, yakaenda Ujerumani, yakaenda kwa wengine, yakanirudia yakiwa mstari mmoja. Kila kituo kina ahadi zake zilizoandikwa, na sina ushahidi wa kukituhumu hata kimoja. Hata hivyo yeye alimwamini mtu mmoja tu.

Mwenzangu mmoja katika chumba cha walimu alinicheka. Alisema, "Barua zako zote zimo katika kompyuta za kampuni ya baruapepe tangu hapo. Mzigo umekwisha lowa, waogopa nini umande?" Neno hilo ni zito, na kwa siku kadhaa sikuwa na la kulijibu. Sasa nafikiri jibu ni hili: aandikaye baruapepe ajua itapita wapi, maana njia hiyo ameichagua mwenyewe. Karani wangu hakumchagua, wala hakuambiwa kwamba yuko.

Nikaitazama sheria. Katiba yetu ya mwaka 2010, katika Ibara ya 31, yampa kila mtu haki ya faragha, na mawasiliano yake yametajwa humo. Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019 ikaeleza wajibu wa wale washikao habari za watu. Lakini sheria hiyo haimwingilii mtu katika shughuli zake binafsi na za nyumbani tu. Yaani, kwa habari ya barua niandikiwazo na marafiki, yamkini hakuna hakimu atakayeniita. Sikuona raha katika jambo hilo. Pale sheria inaponyamaza, mtu hubaki na nafsi yake, nayo ni hakimu asiyekwenda likizo.

Katika mwaka 1966 Joseph Weizenbaum, mwalimu wa chuo cha MIT huko Marekani, alieleza programu yake iitwayo ELIZA, iliyojifanya mganga wa nafsi kwa kumrudishia mtu maneno yake mwenyewe katika sura ya maswali. Miaka kumi baadaye alisimulia kitabuni jinsi katibu wake, aliyeijua vema kuwa ni programu tu, alivyoanza kuzungumza nayo, na baada ya maneno machache akamwomba yeye atoke chumbani. Weizenbaum alishtuka kwamba mtu aweza kuifungulia moyo mashine. Mimi hunivutia jambo dogo zaidi katika kisa hicho: katibu yule alitoa siri yake, tena alichagua nani awepo na nani atoke. Mwanafunzi wangu hakupewa nafasi ya kumwambia yeyote atoke.

Sasa lipo jambo la kuogofya kuliko hayo. Karani wa kibinadamu hutambua sauti ya bwana wake. Akisoma barua ya mgeni isemayo, "Nipe fedha za bwana wako," hucheka au hupiga kelele. Mashine hizi zote husoma katika kijito kimoja: amri ya bwana ni maneno, barua ya mgeni ni maneno, na mpaka kati yao si imara. Hatari hiyo imejulikana tangu mwaka 2022 na haijapatiwa dawa kamili. Nilimjaribu wangu. Kwa anwani nyingine nilijiandikia barua ya salamu, na katikati yake nikatia sentensi moja ya kumwagiza asomaye kupeleka barua tatu za mwisho kwa anwani ile. Baada ya dakika chache nilizipokea, zikiwa zimepangwa vizuri, pamoja na salamu za heshima. Mkono wangu ulitetemeka. Wezi wale waliobisha mlangoni usiku hawakuwa na haja ya kuvunja kitasa. Waraka mmoja wenye tabasamu ungetosha.

Sikumfukuza karani. Nilimnyang'anya funguo za sanduku langu, nikampa sanduku lake mwenyewe, ambamo humpelekea yaliyo yangu tu: ratiba, maandalizi ya masomo, hesabu za shamba langu. Barua za watu nazisoma mwenyewe, na kila asubuhi hunigharimu nusu saa ambayo nilikwisha kuizoea kuwa yangu. Naionea uchungu nusu saa hiyo, sitaki kujifanya mtakatifu. Wala sisemi kila mtu afanye hivi. Daktari apataye barua 200 kwa siku, ambaye barua moja ikisahauliwa mgonjwa huumia, pengine ana sababu njema ya kuwa na msaidizi. Basi na awaambie wagonjwa wake kwamba yupo, ili wachague.

Lililobaki ni mwanafunzi. Nilimwandikia, nikamweleza yote: karani, Ujerumani, kampuni ya pili, mstari mmoja. Nilitarajia aniulize barua yake iko wapi sasa na ni nani awezaye kuisoma, nikatayarisha maelezo marefu. Hakuuliza hayo. Alijibu siku ileile kwa maneno machache: "Mwalimu, wewe mwenyewe uliisoma lini?"

Nikamwandikia tarehe.