Maiti ni Mali ya Nani?

Zamani sana, yapata miaka 1280 kabla ya kuzaliwa Kristu, alikufa huko Misri mfalme aitwaye Seti wa Kwanza. Mafundi walikuwa wamemchongea kaburi ndani ya mlima, upande wa magharibi wa mto Nili, katika bonde walimozikwa wafalme wengi. Hawakujenga ukuta, waliutoboa mwamba kwa patasi, ngazi baada ya ngazi, chumba baada ya chumba, hata njia ya kaburi ikapita urefu wa mita 130. Kuta zikapambwa kwa michoro, kisha mlango ukazibwa. Farao alitaka asiguswe kamwe.

Lakini aliguswa. Wezi walimfikia, na makuhani wakalazimika kuuhamisha mwili wake na kuuficha mahali pengine pamoja na miili ya wafalme wenzake. Ulionekana huko mwaka 1881. Kaburi lenyewe lilikuwa limekwisha kufunguliwa mwaka 1817 na Mwitalia Giovanni Belzoni, na jeneza lake la jiwe likauzwa London, ambako liko hata leo. Mwili ulilazwa katika makumbusho ya Kairo, na tarehe 3 Aprili 2021 ukapitishwa barabarani kwa fahari pamoja na wengine 21 mpaka jumba jipya.

Je, mambo hayo yalikuwa haki? Mtu atanijibu: maiti haisikii maumivu, na wataalamu wamejifunza mengi katika miili hiyo juu ya magonjwa na maisha ya watu wa kale. Ni kweli, wala elimu si dhambi. Mwingine atasema: yatazameni makusudi. Mwizi alitaka dhahabu, kuhani alitaka kumsitiri mfalme wake, mtaalamu alitaka kujua. Jibu hili lanipendeza zaidi, lakini halitoshi, na sababu yake haiko mbali nasi.

Mwezi wa Desemba 1884, karibu na ziwa Tanganyika, watu wa afisa Mbelgiji Émile Storms walimwua mtemi Lusinga wa Watabwa, wakamkata kichwa. Storms alilichukua fuvu hadi Ubelgiji, likapimwa na wataalamu, na baada ya miaka mingi likaishia katika taasisi ya sayansi mjini Brussels. Lusinga hakuwa malaika. Alikamata watu na kuwauza. Tena nasema bila kuficha kwamba kituo cha Mpala, alichokijenga Storms huyo, ndicho walichokabidhiwa Mapadre Weupe mwaka 1885. Hata hivyo nauliza: waliolipima fuvu lile hawakutaka elimu? Bila shaka waliitaka. Lakini nani angethubutu kuliweka rafuni fuvu la jemadari wa Ubelgiji, ili apime upana wa paji la uso wake? Elimu iliwachagua wanyonge.

Basi makusudi mema hayamfanyi mtu kuwa mwenye maiti. Mimi naona kwamba maiti si mali ya mtu yeyote, bali ni amana. Aliyewekewa amana aweza kuihamisha ikiwa hatarini, kama makuhani walivyomhamisha Seti. Hawezi kuigeuza kuwa kitu chake. Jino la Patrice Lumumba, aliyeuawa tarehe 17 Januari 1961 na mwili wake kuyeyushwa kwa asidi, polisi mmoja Mbelgiji alilikaa nalo kama kumbukumbu yake mwenyewe. Mwaka 2022 lilirudishwa kwa watoto wake, likazikwa Kinshasa tarehe 30 Juni. Lilikuwa jino moja tu, na nchi nzima ilisimama kulipokea. Watu hawakuona kwamba ni jambo dogo.

Sisi wa Nyabiondo hatuna makaburi ya mwambani. Katika milima hii ya Masisi watoboa mwamba hutafuta madini, na mara nyingine shimo lenyewe huwa kaburi lao. Tangu vita vya mwaka 1993 watu wamekimbia, wakarudi, wakakimbia tena; wengi walizikwa usiku kando ya njia, bila msalaba na bila jina. Tuseme mkulima analima shamba la mihogo, jembe lake linagonga mfupa wa mtu. Hajui ni wa kabila gani, wala kama alikuwa mkimbizi au askari aliyemchomea jirani nyumba. Shamba ni lake, na watoto wana njaa. Mzee Tobiti wa Ninawi aliacha chakula mezani akaenda kumsitiri maiti, lakini yule alikuwa mtu wa taifa lake. Mkulima wetu ana mzigo mkubwa zaidi: lazima aamue juu ya mtu asiyemjua.

Anaweka jembe chini. Anaufunika mfupa kwa udongo, anapanga mawe kuuzunguka, na mstari ule wa mihogo anauacha. Jioni anapita nyumba kwa nyumba, akiuliza ni nani hakurudi.