Kujaribu Kitu Mpaka Kichakae

Mtu akiwa na vyombo viwili vizuri vilivyo sawa, je, ni haki akichakaze kimoja makusudi, kwa kutaka tu kujua mwisho wake? Mnunuzi wa mtungi huugonga kwa kidole, akasikiliza mlio wake, kisha akaenda nao nyumbani mzima. Jaribio hilo halimgharimu kitu. Liko jingine.

Mwaka 1998 Wamarekani walirusha chombo cha angani kiitwacho Deep Space 1. Injini yake haikuchoma moto, bali iliitia gesi ya zenoni nguvu ya umeme, ikaitupa nyuma kwa mwendo mkuu mno. Msukumo wake ulikuwa kama uzito wa karatasi moja mkononi, kwa hiyo haikuwa na budi kusukuma miezi hata miaka. Pacha yake, iliyowekwa akiba, haikuruka. Ilitiwa ndani ya tangi kubwa la chuma huko Pasadena, California, hewa ikavutwa ikatolewa, nayo ikawashwa. Ilikusudiwa kudumu saa 8,000. Ilidumu saa 30,352, hata mwaka 2003 wakaizima wenyewe, ingali ikisukuma, wapate kuifungua.

Wengine watasema huo ni uharibifu. Mimi sioni hivyo. Injini za namna ile ile zilikichukua chombo Dawn kilichoruka mwaka 2007, kikafika Vesta mwaka 2011 na Ceres mwaka 2015, na huko hakuna fundi wa kuitwa. Asemaye "itafika" pasipo kujua, asema neno asilo nalo.

Lakini linalonishughulisha zaidi ni hili: utupu wa tangi si utupu wa angani. Pampu haziwezi kuimaliza hewa yote. Tena angani gesi iliyotupwa haina ukuta wa kuupiga. Tangini huupiga, ikachubua chembe, nazo zikarudi kuikalia injini. Basi kuta hufunikwa kaboni, ambayo huchubuka kidogo, na mafundi hupima kinachorudi ili wakitoe katika hesabu. Yaani shahidi aanza kwa kuungama kasoro za mahali aliposimama. Sisi walimu humpima mtoto, tukaandika "hawezi". Ni mara chache twauliza ni kiasi gani cha alama ile kilichotoka katika kuta zetu.

Pacha ile ilipofunguliwa, bamba dogo lililokinga mdomo wa kitoa-umeme ndani yake lilikuwa limelika kabisa. Kwa ile iliyokwenda angani hakuna aliyeweza kutazama, kwa kuwa haikurudi.